Chesisi Haina Saini

Kutoka Kisumu Ndogo, mtaa ulio Kibera, Nairobi, hadi Ngong Racecourse ni mwendo wa mguu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nairobi imekuwa na mashindano ya Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo, na kwa miaka mingi yamefanyika kwenye uwanja huo wa mbio za farasi. Gari lililoundwa kabla ya Uhuru huegeshwa juu ya nyasi likimetameta, na waamuzi huliangalia bodi, injini, viti, hata tumbo la chini, wakitafuta tone la oili au doa la kutu. Siku nyingine zote za mwaka, kando ya barabara inayopita hapo, kuna watu wanaolala chali juu ya kipande cha katoni chini ya lori, wanapigana na kutu ile ile. Wengi wao hutoka nyumbani alfajiri, Kibera au Kawangware, kwa sababu vichochoro vya huko havipitishi lori, na jioni hurudi na viganja vyeusi.

Hizi ni mila mbili za kufufua gari. Ninaziita mila makusudi, maana kila moja ina kanuni zake, walimu wake, aibu zake na fahari zake. Kila moja pia ina jawabu lake kwa swali gumu kuliko yote katika kazi hii: ukishabadilisha karibu kila kipande, je, umelifufua lori lile lile au umeunda jingine?

Sheria ya Kenya imelijibu swali hilo kwa namba. Logibuku ya gari ina namba ya injini na namba ya chesisi. Injini ikibadilishwa, mwenye gari huarifu mamlaka, kitabu kikarekebishwa, na gari likabaki lile lile. Rangi nayo vivyo hivyo, na bodi pia. Chesisi ndiyo gari. Kwa hiyo mtu anayetaka kulifufua lori lililoliwa na kutu hana budi kuanzia pale, kwenye ngazi ile ya chuma iliyobeba kila kitu.

Tuchukue Bedford aina ya TJ. Lilitoka mwaka 1958 katika kiwanda cha Dunstable, Uingereza, likaenea Afrika Mashariki yote. Lilibeba mchanga, chai, mahindi na ng'ombe, na mengine yaliwekewa bodi ya basi yakapeleka watu mashambani. Lililobaki leo unalitambua kwa namba ya usajili isiyo na ile herufi ya mwishoni. Kuagiza jingine haiwezekani, kwa kuwa kiwango cha KS 1515 hakiruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa na umri wa zaidi ya miaka 8. Kwa hiyo yaliyopo ni haya haya, na mshindani wake mkubwa ni tanuru la chuma chakavu. Kila lori linalosimama kwenye majani miaka miwili mitatu huanza kupimwa kwa kilo. Serikali ilipopiga marufuku biashara ya chuma chakavu Januari 2022, baada ya nguzo na nyaya za umeme kuhujumiwa, wanunuzi wa kilo walinyamaza kidogo. Mei mwaka huo huo biashara ikafunguliwa tena, safari hii kwa masharti.

Kutu ya Nairobi si ya haraka. Mji uko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake haina chumvi. Lori lililokaa Mombasa ni habari nyingine, ndiyo maana mnunuzi mzoefu huuliza kwanza lilifanya kazi wapi. Lakini hata Nairobi kuna mahali ambapo kutu hujificha, yaani pale vyuma viwili vinapolaliana: chini ya mabano ya springi, kwenye maungio ya vyuma vya kukingama, nyuma ya bamba lililoongezwa na fundi aliyetangulia. Maji na tope huingia hapo na hayatoki. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo huvimba, ikatenganisha mabamba na kuvuta ribiti hadi zikalegea. Ukitazama kwa nje unaona rangi imeumuka kidogo tu.

Fundi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi, hulipima hilo kwa nyundo. Kwanza injini hunyanyuliwa kwa mnyororo uliotundikwa kwenye miti mitatu iliyofungwa pamoja juu, kisha kebini hushushwa kwa mabega ya vijana, na chesisi hubaki uchi juu ya mawe na magogo. Fundi huigonga kutoka mbele kwenda nyuma akisikiliza. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti mfu. Hutia alama ya chaki, akaendelea. Baada ya hapo ni tindo kwenye vichwa vya ribiti, brashi ya waya, gesi ya kukatia na mashine ya kuchomelea. Hapa ndipo bingwa anapojitenga na mkorofi. Mkorofi hukata kiraka cha mraba na kukichomelea wima, kukatisha ukingo wa chuma. Lori likipata mzigo, chesisi hupasuka papo hapo kando ya weldi, kwa kuwa joto limeudhoofisha mstari mzima. Bingwa hukata ncha za kiraka mshazari ili nguvu isikutane mahali pamoja, na pale kiwanda kilipoweka ribiti yeye huweka bolti iliyokaza tundu lake bila kucheza. Majani ya springi yaliyovunjika hayatupwi. Huenda Kamukunji, kwenye vibanda vya wafua vyuma wa Nairobi, huko yakawa panga na patasi.

Elimu hii haikuanza kuheshimiwa juzi. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliokuja Kenya mwaka 1972 ndio ulioufanya ulimwengu wa wachumi uitazame sekta isiyo rasmi kama kazi, si kama uzembe. Mtafiti Kenneth King aliandika kitabu kizima juu ya mafundi wa Kenya, kikatoka mwaka 1977. Rais Moi alifika Kamukunji mwaka 1985, na vibanda vikaanza kujengwa ili watu waondoke juani. Ila heshima hiyo yote ilimtazama fundi kama mtu anayejitafutia riziki. Ni wachache waliomtazama kama mtu anayehifadhi kitu.

Katika mila ya Racecourse, uhifadhi ndio kila kitu, na ajabu ni kwamba wenyewe kwa wenyewe hawajakubaliana. Tangu mwaka 1849 John Ruskin, Mwingereza aliyeandika juu ya majengo, alishikilia kwamba kukifanya kitu cha kale kiwe kipya ni kukiangamiza na kusema uongo juu ya kilichokuwapo. Wapenzi wa magari walimpuuza kwa muda mrefu: walisugua, wakachovya kwenye asidi, wakapaka rangi nzito kuliko ya kiwandani, gari likatoka zuri kuliko siku lilipozaliwa. Mwaka 2012 FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, lilipitisha Mkataba wa Turin, unaofuata nyayo za ule Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 kuhusu majengo. Mkataba huo unataka chuma cha asili kibaki pale kinapoweza kubaki, alama za maisha ya gari ziheshimiwe, na kila kilichobadilishwa kiandikwe. Wazo hilo la mwisho, kuandika, nitalirudia, kwa sababu naliona kuwa bora kuliko mengine yote.

Lakini kuna mila ya tatu, yetu wenyewe, iliyo karibu zaidi na fundi wa Kisumu Ndogo kuliko Racecourse ilivyo. Nenda Matondoni, kisiwani Lamu, penye mafundi wa majahazi. Chombo huletwa ufukweni wakati wa bamvua, maji yakatoka, kikabaki kimelala ubavu. Husuguliwa, hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, na sehemu ya chini hupakwa shahamu, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Ubao uliooza hutolewa, mwingine ukachongwa mahali pake, na taruma likioza hubadilishwa taruma moja. Mkuku, uti wa mgongo wa chombo, hubaki. Baada ya miaka mingi mbao za kwanza huwa chache sana, na hakuna mtu mwambao mzima atakayesema chombo kile si kile. Jina ni lile, mwenyewe ni yule, njia zake baharini ni zile.

Mkuku na chesisi hufanya kazi moja, na aliyeifahamu Matondoni hatashangaa Nairobi. Lori la jua kali linaweza kuwa na injini ya Isuzu ndani ya Bedford, gia boksi ya lori jingine, na bodi ya mbao iliyoungwa wiki jana. Mwamuzi wa Concours angelikataa mlangoni. Fundi wa Lamu angelipanda bila wasiwasi. Mimi niko upande wa Lamu. Lori liliundwa libebe, na lori linalobeba limehifadhiwa kwa ukamilifu kuliko lililofungiwa gereji chini ya shuka. Wajapani wa Ise wanalijua jambo hili vizuri: hekalu lao hujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya 62 ikiwa mwaka 2013, na kinachovuka kutoka kizazi hadi kizazi ni mkono wa seremala.

Hata hivyo siwezi kuimaliza hoja hapo, kwa sababu mila yetu ina upungufu mkubwa. Lori likikaa juu ya mawe wiki moja, mwenyewe amekosa mapato ya wiki moja, na shinikizo hilo humwangukia fundi. Matokeo yake tunayaona: fila juu ya tundu, ridi oksaidi juu ya kutu isiyotolewa, halafu rangi ya buluu inayong'aa. Ndani ya maungio hakuna aliyeingia. Lori hilo hubeba tani za mchanga likiteremka mlima, na watu wamekaa juu ya mzigo. Hapa Racecourse wana haki kabisa. Kulivua lori hadi chesisi tupu, kuifikia kila kona, kuipaka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje kabla ya kufunga hata bolti moja, si ufahari wa matajiri. Ni usalama wa tanboi.

Upungufu wa pili ni huu wa kutoandika, na mtepe ni onyo letu. Chombo kile cha mwambao kilishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na kilihitaji kushonwa upya mara kwa mara. Kilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Ulipoundwa mtepe wa maonyesho Zanzibar mwaka 2003, ukawekwa katika jumba la Beit al-Ajaib, mabaharia na washonaji wa asili hawakuwapo tena kuulizwa. Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka. Ujuzi ulioishi mikononi peke yake hupotea na mikono.

Tazama Karachi nako. Pakistan ina Bedford zake za zamani, zinazovuliwa na kuundwa upya kila baada ya miaka kadhaa, zikavikwa taji la mabati juu ya kebini na michoro kila pembe. Mwaka 2002 mchoraji Haider Ali wa Karachi alialikwa Washington na taasisi ya Smithsonian, akalipamba lori la Bedford mbele ya umma wa Marekani. Jina lake linajulikana duniani. Nairobi nasi tuna nganya za matatu, na wachoraji wake hutia majina yao kwenye bodi, nao wanastahili. Lakini aliyeilaza chesisi juu ya mawe, akaigonga, akakata kiraka mshazari, jina lake haliko popote. Kazi yake hufunikwa siku bodi inaporudishwa. Akihama, au akifariki, hakuna anayejua ni lori gani alilolishika, wala fundi atakayelifungua baada yake hatajua kiraka kipi ni cha mwaka gani na kwa nini kiliwekwa.

Nawaomba basi wenye malori: kabla bodi haijapanda, piga picha chesisi ikiwa uchi, andika daftarini kilichokatwa, kilichoongezwa, tarehe na jina la fundi, na daftari hilo liuzwe pamoja na logibuku. Mafundi nao watie alama yao kwenye chuma kwa patasi, karibu na kiraka. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda inayotahini mafundi kwa daraja la tatu hadi la kwanza, ikubali daftari kama hilo kuwa ushahidi wa ustadi. Na waandaaji wa Concours, ambao uwanja wao uko mwendo wa mguu tu, watenge kundi moja la malori yanayofanya kazi. Waamuzi wainame chini, waitazame chesisi, na tuzo wampe aliyeichomelea.