Bambudye: shule ya juu ya Baluba kabla ya chuo kikuu



Kila mara matokeo ya Egzeta yakitoka, familia nyingi hapa Kabongo huuliza jambo moja: mtoto atasomea nini? Sheria, udaktari, ualimu au kilimo? Kuna swali jingine ambalo hatuliulizi sana. Kijana aliyechaguliwa kusoma kupita wenzake, anapaswa kujua nini nje ya kazi yake? Wazee wetu walikuwa na jibu kabla mmisionari wa kwanza hajafungua shule. Jibu lao lilikuwa Mbudye.

Mbudye kilikuwa chama cha watunza kumbukumbu za ufalme wa Baluba. Wanaume na wanawake waliingia, lakini hawakuingia kwa siku moja. Mtu alipanda ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ilikuwa na mafundisho yake, nyimbo zake na siri zake. Wengi waliishia njiani. Wachache waliofika juu ndio waliojifunza kusoma lukasa. Waliitwa bana balute, watu wa kumbukumbu.

Lukasa ni kibao cha mti kinachotosha kushikwa kwa mkono mmoja. Jina lake hufasiriwa kuwa mkono mrefu. Juu yake kuna shanga za rangi mbalimbali, na pengine simbi au vipande vya chuma. Vibao vingine vimechongwa tu, na mgongo wake hufanana na gamba la kobe, mnyama mwenye heshima kubwa katika Mbudye. Msomaji alikishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, akasimulia au akaimba.

Alisoma nini hapo? Habari za Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu wa upinde wa mvua. Za Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki. Na za mwanawe Kalala Ilunga, aliyeanzisha ufalme mpya. Alisoma pia orodha ya wafalme, ukoo wa kila mmoja, njia walizopita watu, maziwa na mahali patakatifu, na sheria za ikulu. Ushanga mmoja mkubwa uliozungukwa na midogo uliweza kuwa mfalme na watu wake, au makao yake. Kwa hiyo mtu hakuweza kusema, "Mimi ni wa historia tu, habari za nchi na sheria sizijui." Kwenye lukasa mambo hayo yote yamekaa pamoja.

Tena, lukasa haikuwa na usomaji mmoja wa kukariri. Wasomaji wawili waliweza kutoa simulizi mbili kwa kibao kimoja, kulingana na hadhira na jambo lililowakutanisha. Aliyefika juu alipaswa kufikiri na kutetea anachosema.

Elimu hiyo ilikuwa na kazi. Mulopwe mwenyewe alipaswa kuingizwa katika Mbudye, na chama kiliweza kupunguza nguvu zake kwa kumkumbusha sheria ya ufalme. Hata hivyo tusiipambe kupita kiasi. Ilikuwa elimu ya siri, na wengi walifungiwa mlango. Karne ya 19 ilipokaribia mwisho, watoto wa Kasongo Kalombo walipigania kiti, na baadaye serikali ya kikoloni ikatambua pande mbili, ya Kabongo na ya Kasongo Nyembo. Wakati kama huo, anayesimulia ukoo wa wafalme anashika pia siasa mkononi.

Chuo kikuu kilikuja baadaye. Lovanium ilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954, chuo cha serikali cha Elisabethville mwaka 1956, na cha Kisangani mwaka 1963. Mwaka 1971 vyote vitatu viliunganishwa kuwa UNAZA, na vitivo vikagawanywa kwa miji: sheria na udaktari Kinshasa, fasihi na sayansi za jamii Lubumbashi, saikolojia na ualimu Kisangani. Mwanafunzi wa sheria na mwanafunzi wa historia wakatenganishwa kwa zaidi ya kilomita 1,500. Mwaka 1981 kila mji ukarudishiwa chuo chake, lakini desturi ya kila mtu kubaki kwenye chumba chake haikufa.

Nchi nyingine zilipambana na tatizo hilo mapema. Kule Marekani, chuo cha Columbia kilianza mwaka 1919 somo moja la ustaarabu kwa wanafunzi wapya. Mwaka 1922 Frank Aydelotte, mkuu wa chuo cha Swarthmore, alianzisha mpango wa wanafunzi bora: wachache, vikundi vidogo, masomo yanayovuka idara, majadiliano mengi. Anayejua Mbudye hatashangaa kusikia hayo.

Kwetu Kongo, tangu mwaka wa masomo 2021-2022 mfumo wa LMD umeenea: lisansi miaka mitatu, masta miwili. Ndani yake yamo masomo ya pamoja kwa wanafunzi wa idara mbalimbali. Wengi huyachukua kama mzigo wa kupata alama tu. Hapo ndipo naona nafasi inapotea. Kamina ina chuo kikuu chake, karibu na nchi yenyewe ya lukasa. Somo moja la pamoja lingeweza kukutanisha mwanafunzi wa sheria, wa kilimo na wa udaktari mbele ya kibao hicho, kila mmoja akauliza kwa elimu yake, kisha akajibiwa na wengine.

Lakini vibao vingi viko mbali. Kimoja kinachojulikana sana kiko Brooklyn Museum, New York, na mwaka 1996 mji huohuo ulifanya maonyesho makubwa ya kumbukumbu za Baluba. Mmarekani Thomas Reefe alitoa kitabu kikubwa juu ya ufalme wetu mwaka 1981. Wao wana vibao na vitabu. Sisi tunao wazee wanaojua nyimbo, majina na mahali, na wazee hawangoji.

Kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyesikia Bambudye wakiimba, kaa naye wiki hii na umrekodi kwa simu. Andika jina lake, kijiji na tarehe. Na wewe mwanafunzi uliye Kamina au Lubumbashi, ukitafuta kichwa cha kazi yako ya mwisho, anzia hapo, kitivo chochote ulichomo.