Mwanamke wa makamo na mazoezi Ilembula

Wanawake wa Ilembula, mkoani Njombe, Tanzania, hawajawahi kukosa kazi za kutoa jasho. Katika enzi ya ukoloni, wanaume wengi wa Kibena, kabila la wenyeji wa hapa, walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na jembe likabaki kwa wake zao. Debe la maji, lenye uzito wa karibu kilo 20, lilibebwa kichwani na msichana, na vilevile na mama aliyekwisha kukoma hedhi. Kazi hiyo ilijenga misuli na mifupa, lakini iliumiza shingo, kiuno na magoti.

Mwendo wa kuburudisha mwili ulipatikana kwenye ngoma: pumzi, wimbo na hatua vilikwenda pamoja, na wakubwa walicheza na wadogo. Wamisionari wa Berlin, waliofika Ubena mwishoni mwa karne ya 19, walizitilia shaka ngoma nyingi. Kwaya ikashika nafasi ya ngoma. Pumzi na ushirika vikabaki, ila miguu ikatulia.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mradi wa maji ya mserereko wa Wanging'ombe, uliosaidiwa na UNICEF, ulianza kuwapunguzia wanawake safari za mtoni. Huo ulikuwa ukombozi wa kweli. Mzigo mwingine ukaja na UKIMWI: katika utafiti wa 2016–2017, Njombe ilikuwa na maambukizi ya asilimia 11.4 kwa watu wazima, juu kuliko mikoa mingine yote, na bibi wengi wamelea wajukuu yatima katika umri uleule wa kukoma hedhi, wenye joto la ghafla na usingizi wa mang'amung'amu.

Ilembula ina hospitali ya Kilutheri na chuo cha uuguzi. Hata hivyo, nchini kote kliniki ya mama na mtoto ilipangwa kwa ajili ya ujauzito, uzazi na chanjo; aliyemaliza kuzaa hakuwekewa siku yake. Hilo ni pengo kubwa, maana hedhi hukoma kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, na maisha marefu bado yako mbele.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya taifa ya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Mchakamchaka, hata hivyo, haufai kila goti. China ilikwisha kutunga mwaka 1956 mfululizo mfupi wa mikao 24 ya taichi, mwendo wa polepole unaofuata pumzi. Mazoezi ya namna hiyo, pamoja na yoga, husaidia usingizi, utulivu na kutoanguka. Kwa joto la ghafla ushahidi ni hafifu zaidi. Mama anayelima huhitaji hasa kunyoosha mgongo, kusimama kwa mguu mmoja akishika ukuta, na kupumua taratibu kabla ya kulala.

Damu inayotoka tena baada ya miezi 12 bila hedhi haitibiwi kwa mazoezi. Mama huyo aende hospitali bila kuchelewa.