Maneno ya Kiarabu katika Kituruki: Asili, Njia na Hatima

Maneno ya mkopo aghalabu hujadiliwa kana kwamba asili ya neno inatosha kulieleza. Historia ya Kituruki inadhihirisha kuwa njia liliyopitia neno, na muda liliokaa katika lugha, vina uzito uleule.

Waturuki walianza kusilimu kwa wingi katika karne ya 10 huko Asia ya Kati, ambako Kiajemi kilikuwa kikishamiri kama lugha ya fasihi. Kwa hiyo maneno mengi ya Kiarabu yaliwafikia kupitia Kiajemi. Ushahidi umo katika miishio. Kiarabu kina nomino za kike ambazo t yake ya mwisho haitamkwi msemaji anapotua. Kiswahili kina umbo hilo la kituo: neema, hekima, rehema, amana. Kituruki, sawa na Kiajemi, kimeihifadhi t: nimet, hikmet, rahmet, emanet. Asili ni moja, njia ni mbili.

Chini ya Dola ya Uthmaniya mikopo hiyo ilikithiri hata lugha ya maandishi ikawa mbali na usemi wa watu wa kawaida. Baada ya jamhuri kupitisha herufi za Kilatini mwaka 1928, chama cha kuisafisha lugha kiliundwa mwaka 1932. Jina lake la awali, Türk Dili Tetkik Cemiyeti, lilikuwa lenyewe na maneno mawili ya Kiarabu: tetkik, yaani uchunguzi, na cemiyet, lenye mzizi mmoja na “jamii” ya Kiswahili. Mwaka 1936 kikaitwa Türk Dil Kurumu. Mektep, yaani shule, ikaipisha okul. Hürriyet, yaani uhuru, ikapata mshindani, özgürlük.

Mageuzi hayo yaliyakaribisha maandishi kwenye usemi, lakini kwa gharama. Nutuk, hotuba ambayo Mustafa Kemal Atatürk aliitoa mwaka 1927 kwa siku 6, iliwawia vigumu vijana waliozaliwa katika jamhuri aliyoiasisi mwenyewe, hata ikabidi iandikwe upya kwa Kituruki cha kisasa.

Hata hivyo, kitap, kalem na saat hayakung’oka, na kamusi ya chama hicho ya mwaka 2005 ina maneno zaidi ya 6,000 yenye asili ya Kiarabu. Neno lililokwisha kuzoeleka vinywani mwa watu ni lao, litokako kokote. Anayeling’oa hung’oa pia sehemu ya maandishi yaliyolibeba.