Marekani: Mzee anapotaka kuondoka makaoni kinyume cha ushauri wa daktari

Nchini Marekani, mkazi wa makao ya kulelea wazee si mfungwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 iliyorekebisha huduma za makao hayo inalinda haki zake, ikiwemo ya kukataa matibabu. Akitaka kurudi nyumbani wakati daktari anaona bado, hawezi kuzuiwa kwa sababu hiyo pekee.

Swali linalobaki ni kama ana uwezo wa kuamua. Daktari hupima uwezo huo kwa jambo lililopo: je, mzee anaelewa maradhi yake, anatambua kwamba hatari ya kuondoka inamhusu yeye mwenyewe, na anaweza kueleza sababu za chaguo lake? Uamuzi usiowapendeza wengine si dalili ya akili kupungua, na hata ugonjwa wa kusahau peke yake hautoshi kumnyima kauli. Watoto, hata wawe na uchungu kiasi gani, hawana mamlaka juu ya mzazi mwenye akili timamu.

Aliyepoteza kumbukumbu akatoka mlangoni bila kuonekana ni suala jingine kabisa. Huyo amepotea, hakuamua kuondoka, na makao hayana budi kumtafuta mara moja.

Anayeondoka kwa hiari kwa kawaida hupewa fomu ya kutia saini. Fomu hiyo ni kumbukumbu tu kwamba alielezwa hatari. Akikataa kusaini, muuguzi huandika kwamba amekataa. Makao bado yanapaswa kumpa orodha ya dawa na maelekezo ya matunzo, na kuuliza nani atampokea nyumbani. Kumwachia aende mikono mitupu kwa kuwa "amejitakia" ni kumwadhibu.

Fomu hiyo hiyo inaweza pia kutumiwa vibaya. Makao yanayotaka kumtoa mkazi hutakiwa, kwa kawaida, kumpa notisi ya maandishi ya siku 30, naye ana haki ya kukata rufaa. Akishawishiwa kusaini kwamba anaondoka mwenyewe, kinga hizo huweza kumponyoka. Mkazi anayeshinikizwa asisaini kabla ya kumpigia simu mtetezi wa wakazi wa makao, ambaye yupo katika kila jimbo na huduma yake ni bure.

Wengi hubaki kwa kuhofia gharama. Katika mpango wa kawaida wa bima ya Medicare, kuondoka mapema hakufuti malipo ya siku zilizokwisha kustahili, na anayerudi ndani ya siku 30, akiwa bado anahitaji uuguzi wa kitaalamu, halazimiki kulazwa tena hospitalini siku 3 kwanza.

Kwa wazee wanaozungumza Kiswahili, mazungumzo haya yafanyike kupitia mkalimani. Makao yanayopokea fedha za serikali ya shirikisho yanapaswa kumtoa bila malipo. Mjukuu asibebeshwe kazi hiyo, maana mara nyingi atatafsiri kile ambacho familia ingependa babu aseme.