Ukuta wa mto Tiber: picha iliyochorwa kwa uchafu

Tukisikia historia tunafikiria vitabu na sanamu za wafalme. Leo tuongee juu ya ukuta.

Mji wa Roma, kule Italia, umepitiwa na mto Tiber. Desemba 1870 mto ulifurika ukaingia mitaani, ndipo serikali ikaamua kujenga kuta ndefu za mawe pande zote mbili. Mawe yalikuwa meupe. Lakini ukuta wa mtoni haukai mweupe. Moshi wa magari unaganda, mwani na ukungu vinaota pole pole, mpaka jiwe linakuwa jeusi kabisa. Sisi jambo hili tunalijua, angalia tu saruji ya pale bombani baada ya mvua.

Msanii William Kentridge, mzaliwa wa Johannesburg, aliuona weusi huo kama wino ulio tayari. (Kabla yake, mwaka 2005, Mmarekani Kristin Jones alishachora mbwa mwitu jike hapo hapo kwa njia hiyo.) Wanakata plastiki kubwa kwa umbo la mtu au farasi, wanaiweka ukutani, halafu wanapiga maji kwa mashine ya presha, kama zile za kuoshea magari. Pembeni kote panatakata. Plastiki ikitolewa, palipofunikwa pamebaki peusi, na hiyo ndiyo picha. Rangi hata tone hakuna. Kazi ngumu ilikuwa ruhusa. Ilichukua miaka ya kufuatilia karatasi, na hapo wengi wenu hamhitaji maelezo.

Ikafunguliwa 21 Aprili 2016, siku ambayo Waroma wanaihesabu kuwa ya kuzaliwa kwa mji wao. Picha zaidi ya 80, nyingine zina kimo cha mita 10, zimefuatana kama msafara wa karibu mita 500. Kwa Kiswahili tungeiita "Ushindi na Maombolezo". Kuna kaisari Marcus Aurelius juu ya farasi. Kuna mwandishi Pasolini, aliyeuawa 1975, amelala chini. Na kuna wakimbizi ndani ya boti.

Hapo ndipo tuliposimama kwa muda mrefu. Wakimbizi hawakuwekwa kona yao peke yao ili waonewe huruma. Wako kwenye msafara ule ule wa kaisari, na wametengenezwa kwa uchafu ule ule.

Tena Roma kuna tao la Titus, la mawe, lina miaka zaidi ya 1900. Linaonyesha askari wakibeba mali waliyopora kwenye hekalu la Yerusalemu, kwa fahari kubwa. Kentridge aliwachukua askari hao hao akawaweka kwenye msafara wake, ambapo ushindi wa mmoja ni kilio cha mwingine. Kwa maoni yetu tao linadanganya kwa kunyamaza: linaonyesha mali, wenye mali hawaonekani.

Wenzetu wengine walisema ni hasara, jasho lote hilo kwa picha inayofutika. Kweli inafutika. Mwani ulianza kurudi kwenye mawe yaliyooshwa mara tu mashine zilipoondoka, na kila mwaka kaisari na boti vinafifia pamoja. Plastiki inaweza kukatwa tena, mashine zipo. Ila ukuta lazima uchafuke kwanza, na hiyo inataka miaka.