Chapa na Nakshi: Tarehe Mbili za Kijiko cha Fedha

Mwanahistoria huuliza tarehe ya waraka kabla ya kuusadiki. Swali hilohilo lafaa kuulizwa juu ya vyombo vya madini, nasi katika makala haya mafupi twaliuliza juu ya vijiko vya fedha vya Uingereza.

Chapa za vijiko hivyo zasomeka kama maandishi. Simba aendaye, aliyeanza kugongwa London mwaka 1544, ni shahidi wa usafi wa fedha. Herufi ya mwaka, iliyoanza 1478, hutaja wakati wa kupimwa. Kichwa cha mfalme, kilichogongwa toka 1784 hadi 1890, huonyesha kwamba ushuru ulilipwa. Msomaji aweza kudhani kuwa amekwisha kujua yote.

Sivyo. Vijiko vingi vikubwa vya mezani vya karne ya 18 havikuwa na pambo kubwa. Uzuri ulikuwa katika umbo. Enzi ya Malkia Victoria (1837–1901) ilipenda pambo juu ya pambo. Mafundi wakavitwaa vijiko vya mababu, wakaifua sehemu ya kuchotea mpaka matunda na majani yakatokeza, wakauchora mpini maua, kisha wakapaka dhahabu pale penye matunda. Dhahabu hiyo haikuwa fahari tupu, kwani asidi ya matunda hudhuru fedha lakini haiiwezi dhahabu. Tena, baada ya Elkington wa Birmingham kupata hataza ya kupaka madini kwa umeme mwaka 1840, kazi hiyo ilirahisika. Hivyo kijiko cha chakula kikageuka kijiko cha matunda.

Kwa kuwa fundi hakuongeza fedha, chapa iliendelea kusema kweli juu ya madini. Juu ya nakshi haisemi neno. Dalili, hata hivyo, hazikosi: huenda mchoro ukaikata chapa, ishara kwamba chapa ilitangulia, au ncha ya kijiko imelika kwa matumizi ilhali kingo za majani zingali kali.

Wako wakusanyaji wasemao kwamba vijiko hivi viliharibiwa. Hoja yao ina uzito, maana umbo la kwanza halirudi. Lakini kwetu tuchunguzao miswada, kijiko hiki ni kama andiko lililopitiwa na mikono miwili: kuudharau mkono wa pili ni kupoteza ushahidi wa ladha ya karne nzima. Basi orodha za makumbusho na zitaje tarehe zote mbili, ya kufuliwa na ya kunakshiwa. Kutaja moja tu ni kumnyamazisha shahidi mmoja.