Daftari Lililovuka Bahari

Msomaji, mfugaji wa Balambala aliyeuza ng'ombe wake katika soko la Garissa hapendi kurudi nyumbani na noti mfukoni, maana njia ni ndefu na wezi hawakosekani. Zamani tegemeo lake lilikuwa hawala: alimkabidhi mfanyabiashara fedha zake, naye jamaa yake akalipwa mji mwingine. Nguvu ya hawala ilikuwa daftari, na uaminifu wa mwenye kuliandika.

Mwezi wa Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilileta daftari la namna nyingine, yaani M-Pesa. Majaribio yalianza mwaka 2005, na nia ya kwanza ilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wao wakaona heri kutumiana fedha! Lakini mitambo iliyolihifadhi daftari hilo haikuwa Kenya. Ilikuwa Ujerumani. Mfugaji alipompelekea mkewe shilingi 500, habari ilivuka bahari, ikaandikwa huko, kisha ikarejea. Tena nyaya za nyuzi za kioo zilifika Mombasa mwaka 2009 tu. Njia ilipokatika, fedha zilikuwapo lakini hazikugusika, na mwenye njaa hali salio.

Mwezi wa Aprili 2015 daftari lilihamishiwa Kenya. Usidhani kazi hiyo ni kama kuhamisha sanduku. Hesabu za mamilioni ya watu zilipaswa kufika bila kupotea hata senti, na programu yenyewe ikabadilishwa kwa nyingine iliyotengenezwa na Huawei ya China.

Siku hizi wenye biashara hupanga mitambo ya wengine, kama mtu apangavyo ghala, na mitambo hiyo huitwa wingu. Mwaka 2020 Safaricom ilipatana na Amazon kwa ajili ya huduma hizo. Wengi huchanganya: hesabu za siri hubaki katika mitambo yao, na kazi nyingine hupelekwa winguni. Kwa maoni yangu hiyo ni busara, kwani sheria ya Kenya ya mwaka 2019 imeweka masharti juu ya kupeleka habari za watu ng'ambo.

Hata hivyo, kwa mtu wa Balambala wingu huanzia kwenye mnara wa simu. Katika Kaskazini Mashariki Al-Shabaab wamepata kuilipua minara, na siku ya namna hiyo mwenye duka hurudia daftari lake la karatasi.